Simu imeandika imeshindikana, pesa zimetumwa na nani?

Kuna swali linaloturudia kila tunapofungua laini za wasikilizaji. Safari hii limetoka kwa mama mmoja anayelima kabichi na karoti upande wa Mgeta. Alikuwa anamlipa dereva wa fuso aliyempelekea mzigo Dar es Salaam. Akafungua aplikesheni ya pesa kwenye simu, akajaza namba, akajaza kiasi, akaweka namba ya siri. Simu ikazunguka weee, mwisho ikaandika imeshindikana. Akarudia. Jioni dereva akampigia: "Mama, umenilipa mara mbili." Bahati yake dereva ni mtu wanayefahamiana, akarudisha. Lakini swali akalileta kwetu: "Simu yangu imeniambia imeshindikana. Sasa aliyetuma zile pesa za kwanza ni nani?"

Hewani tulimjibu kwa dakika tatu, na tukajua hatujamjibu vizuri. Tunaliandika hapa kwa nafasi, kwa sababu swali hilohilo limejificha nyuma ya mambo mengine mengi mnayotuuliza: fomu inayogoma katikati, meseji feki za malipo, bando linalokwisha kabla hujasoma habari, hata umeme wa LUKU.

Simu ya yule mama haikumdanganya. Ilisema kile ilichokiona yenyewe. Pesa hazikutumwa na simu. Zilitumwa na kompyuta nyingine, iliyo mbali sana na Mgeta, na simu ilipoteza mawasiliano nayo kabla ya kusikia jibu.

Pande mbili za huduma moja

Karibu kila huduma unayoitumia kwenye simu ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kifaa ulichokishika mkononi, kiwe kitochi au simu janja. Wataalamu wanauita upande wa mteja. Upande wa pili ni seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, inayohudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Seva inaweza kuwa Dar es Salaam, inaweza kuwa Ulaya. Katikati ya pande hizo kuna mnara, nyaya, na kwa huku kwetu kuna milima ya Uluguru, ambayo mawimbi ya simu hayaipenyi.

Anayetengeneza huduma ndiye anayeamua kazi ipi ifanyike upande upi. Ni kama mahindi. Unaweza kuyatwanga kwa kinu nyumbani, au kuyapeleka mashineni. Ukitwanga nyumbani hupangi foleni, na mashine ya kijiji ikiharibika wewe huna habari, ila nguvu ni za mkono wako. Ukipeleka mashineni debe linasagwa mara moja, lakini uende, usubiri, urudi, na siku mashine ikifa kijiji kizima kinalala bila unga.

Njia rahisi ya kuziona pande hizo mbili ni WhatsApp. Ukituma ujumbe ukiwa pasipo na mtandao, pembeni yake inakaa alama ya saa ndogo. Maana yake ujumbe bado umo ndani ya simu yako, haujakwenda popote. Mtandao ukirudi saa inageuka tiki moja. Hapo ujumbe umefika kwa seva, na hata simu yako ikizima chaji seva itaendelea kuushika. Tiki mbili ni pale seva ilipoufikisha kwenye simu ya mwenzako.

Sasa rudi kwa mama wa kabichi. Ombi lake la kwanza la malipo lilifika kwa seva. Tuseme lilipata tiki moja. Seva ikaangalia salio, ikakata, ikampa dereva. Kisha ikarudisha jibu, na jibu likapotea njiani, pengine mtandao ulikatika kwa sekunde kumi tu. Simu ikasubiri, muda ukapita, ikaandika imeshindikana. Kwa haki kabisa ingeandika: "Sijasikia jibu, sijui kilichotokea." Watengenezaji wengi hawaandiki hivyo, na sisi tunaona hilo ni kosa lao. Neno moja kwenye skrini limemtoa mtu nauli ya mzigo mara mbili.

Kuna watengenezaji wanaolizuia. Simu hulipa kila ombi namba yake ya pekee, na ukirudia ombi lilelile seva huona kwamba namba hiyo imekwishashughulikiwa, inakataa kukata mara ya pili. Huwezi kujua kwa macho kama aplikesheni yako ina kinga hiyo. Kwa hiyo kabla ya kurudia, subiri meseji ya uthibitisho, kisha angalia salio. Salio linatoka kwa seva. Maandishi ya "imeshindikana" yanatoka kwenye simu.

Pesa haziko kwenye simu

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na tangu hapo tumezoea kusema "nina pesa kwenye simu." Ni usemi tu. Hakuna shilingi hata moja ndani ya kile kifaa. Ndiyo maana simu ikitumbukia mto Mzinga, ukirudisha laini yako unakuta salio lilelile.

Kwa nini hawaziweki kwenye simu, ili tulipane hata porini kusiko na mnara? Kwa sababu simu ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuichezea. Kama salio lingeandikwa ndani ya simu, mtundu mmoja angeifungua na kuongeza sifuri mbili. Wanaojifunza kutengeneza tovuti wanafundishwa mapema kabisa kutoamini chochote kinachotoka upande wa mteja mpaka seva ikihakiki yenyewe.

Kanuni hiyo ni yako pia wewe muuza ndizi, na hapa tunaomba usome polepole. Tapeli anakuja sokoni, anachukua mzigo, anakuonyesha skrini ya simu yake: "Umetuma shilingi laki mbili." Au meseji inaingia kwenye simu yako, imeandikwa vizuri, ina namba ya muamala na jina lako. Skrini yake ni upande wa mteja. Meseji iliyotoka kwenye namba ya kawaida ya mtu ni upande wa mteja vilevile, mtu yeyote anaweza kuiandika. Usibishane naye. Piga mwenyewe menyu ya mtandao wako, uliza salio, na usikubali aliyekuja kununua akushikie simu "akusaidie." Salio halijaongezeka, mzigo haushuki. Meseji za namna hiyo, na namba zilizozituma, unaweza kuziripoti kwa kuzituma kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA.

Kitochi kinafanyaje yote yale?

Wasikilizaji wengine hujiuliza mbona kitochi cha bei ya chini kinatuma pesa, kinalipa bili, kinakopa, na kisha hakiwezi kufungua tovuti moja ya habari. Siri ni kwamba kwenye menyu za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa au *152*00# ya huduma za Serikali, kitochi hakifanyi karibu chochote. Kinaonyesha maandishi na kupeleka namba uliyobonyeza. Kila ukichagua 1 au 4, safari nzima inakwenda kwa seva na kurudi. Ujumbe mmoja wa menyu hizo unabeba herufi 182 tu, ndiyo maana maneno yake yamekatwakatwa.

Huo ndio mfano safi wa kazi kuachiwa seva. Faida yake ni kubwa: simu ya aina yoyote inafaa, na kampuni ikitaka kubadilisha menyu inaibadilisha usiku, asubuhi nchi nzima inaiona mpya bila mtu kupakua kitu. Hasara umeiona mwenyewe. Ukifika hatua ya tano mtandao ukakatika, unaanza mwanzo. Kitochi hakikumbuki ulifika wapi, kwa kuwa hakikuwahi kujua.

Sasa tazama mita ya LUKU, iliyo kinyume chake kabisa. Mita nyingi za LUKU hazina mawasiliano na TANESCO. Ukinunua umeme, seva inachukua namba ya mita yako na kiasi ulicholipa, inavifunga kwa siri ndani ya tarakimu 20. Wewe ndiye mtandao: unazibeba kichwani au kwenye meseji mpaka ukutani, unazibonyeza. Mita ina ufunguo wake ndani, inafungua zile tarakimu, inahakiki kwamba ni zake na hazijawahi kutumika, inaongeza uniti. Kazi hiyo yote inafanyika ukutani kwako, hata kama mnara wa simu umelala.

Mei 2021 tuliziona pande hizo mbili zikiachana. Mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa. Nguzo zilisimama, umeme ulikuwepo kwenye waya. Nyumba iliyokuwa na uniti zake iliwasha taa kama kawaida. Jirani aliyeishiwa alikaa gizani na pesa yake mkononi, au alikwenda kupanga foleni katika ofisi za TANESCO, kwa sababu tarakimu 20 hutungwa na seva peke yake.

Lakini kuweka kazi kwenye mita nako kuna gharama, na tuliilipa mwaka 2024. Mita za kiwango kile, hapa na katika nchi nyingine nyingi, huhesabu muda kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993. Nafasi waliyoipa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na laki 7 na kitu, karibu miaka 32. Ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024, na baada ya hapo mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tena tarakimu mpya. Kama hesabu ingekuwa kwenye seva, fundi mmoja angeirekebisha usiku mmoja. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya mita, kila mteja alilazimika kwenda ukutani kubonyeza makundi ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya zile za umeme wake. Mtakumbuka simu tulizopokea hapa studio wiki zile: bibi hana miwani, mtoto amekosea tarakimu ya kumi na saba, mpangaji hajui mita iko chumba gani.

Mchezo huo upo kwenye kila aplikesheni. Kilichowekwa kwenye simu kinafanya kazi bila mtandao, lakini kukirekebisha mpaka kila mwenye simu akubali kusasisha. Ukiona aplikesheni inakung'ang'aniza kusasisha, mara nyingi ni sehemu ya kazi iliyo ndani ya simu yako imezeeka, na seva haitaki tena kuongea nayo.

Karatasi nyeupe ya Kinole

Kwenye tovuti, kazi nayo inagawanywa hivyohivyo, na hapa tukiri kosa letu wenyewe.

Tovuti za mwanzo zilikuwa nyepesi. Seva ilikuwa na ukurasa uliokwisha kuandikwa, simu au kompyuta iliupokea na kuuonyesha. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, Marekani, alitunga lugha ya JavaScript kwa siku kumi, ili ukurasa uweze kufanya kazi ndogondogo ndani ya kivinjari chenyewe. Miaka kumi baadaye Google Maps ikaonyesha lugha hiyo inaweza kufika wapi: unaikokota ramani, nayo inajijaza bila kufungua ukurasa upya. Tangu hapo watengenezaji wengi wakahamia upande huo. Seva inatuma fremu tupu na furushi la programu. Simu inapakua furushi, inalisoma, inaomba habari zenyewe, ndipo inauchora ukurasa.

Tovuti yetu ya mwanzo ilitengenezwa hivyo. Studioni hapa Mazimbu, penye intaneti ya waya, ilifunguka kufumba na kufumbua. Tukajisifu hewani. Kesho yake msikilizaji wa Kinole akatuandikia: "Naona karatasi nyeupe tu." Tukadhani simu yake mbovu. Akaandika wa Tawa, akaandika wa Nyandira. Kumbe fremu tupu ilikuwa inafika, furushi halifiki. Na kwa wachache waliolipata, simu ndogo ilipata moto na kuganda, maana kazi ya kuchora tulikuwa tumeitupia mikono yao.

Tuliirudisha kazi kwa seva. Sasa ukurasa unapikwa kwanza, unakuja ukiwa tayari, simu yako inapakua tu. Mtandao ukikatika nusu, unasoma ile nusu iliyofika. Ukurasa wa kawaida wa tovuti za siku hizi unazidi megabaiti 2. Maandishi ya makala unayosoma, yote, hayafiki kilobaiti 20. Kwa kulinganisha, sauti ya kipindi chetu tunayoipandisha kwa kilobiti 64 kwa sekunde ingemaliza kiasi hicho kwa sekunde mbili na nusu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotoka Norway mwaka 2005, kinaupitisha ukurasa kwenye seva zake, kinaukamua, kisha kinaleta kwenye simu kitu kidogo sana. Watu wengi wa rika letu waliuona mtandao kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, kwenye simu za vibonyezo. Inasaidia bando. Ila kumbuka kwamba ukurasa unapita kwa mtu wa kati, kwa hiyo mambo ya benki usiyafanye huko ukiwa umewasha hali ya kubana zaidi.

Mahali seva ilipo nako kuna maana. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Simu zilipiga, minara ilikuwa mizima, lakini huduma zenye seva ng'ambo zilikokota au zikakataa kabisa. Siku ile ndipo wengi walipojua kwamba kitu walichodhani kiko kwenye simu yao kilikuwa kinavuka bahari kila wanapokigusa.

Fomu ya mkulima

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo letu. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku inauzwa kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima anaandikishwa, anapata namba yake kwa simu, anakwenda dukani, wakala anaihakiki kwenye mfumo ndipo anauza. Tumesikia malalamiko ya "mtandao hakuna, rudi kesho," na aliyetembea saa tatu kutoka juu mlimani anayo haki ya kukasirika.

Lakini tutenganishe. Kuhakiki kiasi alichobakiwa nacho mkulima ni lazima kufanyike kwa seva. Kama simu ya kila wakala ingeamua peke yake, mtu angechukua mgawo wake duka la kwanza asubuhi, la pili mchana, la tatu jioni, na kila duka lingesema yuko sawa. Kitu ambacho watu wengi wanakigawana, iwe pesa, mgawo wa mbolea au nafasi kwenye basi, kinahitaji daftari moja. Hapo hatuwalaumu waliotengeneza.

Kuandikisha ni jambo jingine. Jina, kijiji, ukubwa wa shamba, zao. Hakuna sababu ya msingi ya fomu ya namna hiyo kumtegemea mnara kwa kila mstari. Chukua namba ya NIDA: ina tarakimu 20. Simu inaweza kuzihesabu yenyewe na kusema papo hapo "umeacha moja." Inachohitaji seva ni kujua kama namba hiyo ni kweli ya mtu mwenye jina hilo, na hilo linaweza kusubiri mpaka jioni. Mfumo wowote wa vijijini unaopeleka hata kazi ya kuhesabu tarakimu kwa seva umetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukosa mtandao.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano mzuri. SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza iliyopo SUA hapahapa Morogoro, ilitengeneza AfyaData kwa ajili ya kufuatilia magonjwa ya watu na mifugo. Anayekusanya taarifa anajaza fomu kwenye simu akiwa zizini au kijijini, mtandao uwepo usiwepo. Simu inaitunza. Akifika penye mnara anaituma, seva inaipokea na kuiunganisha na za wengine. Kila upande unafanya kazi unayoiweza.

Njia hiyo ina hatari yake, tusiifiche. Fomu iliyojazwa na haijatumwa ipo sehemu moja tu duniani, ndani ya simu ile. Simu ikiibwa au ikinyeshewa, siku nzima ya kazi imekwenda. Kama wewe ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mwandikishaji wa kijiji, ukishuka mlimani kitu cha kwanza ni kutuma, chai baadaye. Na usifute aplikesheni "kupunguza nafasi" kabla hujaangalia kama kuna fomu zinazosubiri.

Jirani yetu hapa Mazimbu, Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, kuna vijana wanasomea infomatiki, na wengi wao ndio watakaotengeneza mifumo hii. Ombi letu kwao ni dogo: kabla hamjasema mfumo wenu unafanya kazi, pandeni nao gari la Nyandira siku ya soko, na simu ya bei ya chini, na bando la shilingi mia tano.

Ninyi wengine, safari ijayo mtu wa ofisi akija kijijini na mfumo mpya, muulizeni mambo mawili. Mtandao ukikatika nikiwa katikati, nilichojaza kinabaki? Na nitajuaje kwamba kimefika? Akijibu la pili kwa kusema "simu itaandika," mwambieni mnataka meseji inayotoka kwa seva, yenye namba ya kumbukumbu. Afisa mtendaji aandike namba hizo kwenye daftari la karatasi. Daftari halina upande.

Ukurasa huu tumeuweka maandishi juu na sauti chini, na sauti haianzi mpaka uibonyeze, ili anayetaka kusoma tu asilipie kusikiliza. Kama unapanda Mgeta leo, ufungue kabla gari halijaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga. Ukishafunguka wote usiufunge na usiupakie upya, utausoma mpaka mwisho hata simu ikiandika hakuna mtandao.

Yule mama wa kabichi tulimtumia rasimu ya makala hii kwa WhatsApp jana saa kumi jioni, atuambie kama sasa tumemjibu. Mpaka tunaandika mstari huu, tiki ni moja.